Tahadhari na Wasiwasi: Somo kwa Wakaazi wa Mipakani

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 16 Novemba 2021, mabomu yalilipuka katikati ya jiji la Kampala, mlipuko mmoja ukifuatwa na mwingine baada ya dakika chache. Wa kwanza ulitokea penye ukaguzi wa Kituo Kikuu cha Polisi, na wa pili karibu na Bunge. Watu waliuawa, na zaidi ya 30 walijeruhiwa, wakiwemo askari wenzetu. Katika siku zilizofuata tuliwaomba wananchi jambo moja, nalo tukalirudia redioni na katika mikutano hadi likazoeleka: kaeni macho.

Wananchi walitutii, na baadhi yao walitutii kupita tulivyokusudia. Walikaa macho kweli, usiku hata asubuhi. Wapo walioacha kupanda basi, wapo waliohesabu kila begi katika kila teksi, na wapo ambao hadi leo mlango ukibamizwa na upepo mioyo yao huruka. Ombi letu lilikuwa la haki, lakini lilikuwa na kasoro moja ambayo tunaikiri hapa: halikuwa na mwisho. Askari yeyote anajua kwamba lindo lina zamu. Saa zako zikitimia, mwenzako anakuja, unamkabidhi na unakwenda kulala. Raia tulimpa lindo, hatukumpa wa kumpokea. Somo la toleo hili ni juhudi ya kulipa deni hilo, hasa kwenu mnaoishi Busia, Malaba, Mutukula, Katuna, Bunagana, Mpondwe na Elegu, ambako mambo ya kuhofia huwafikia watu mapema kuliko sisi wa Kampala.

Tuanze na neno lenyewe. Wasiwasi ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, na asili yake huko ni mnong'ono, yaani sauti ndogo isemwayo sikioni. Majirani zetu Waganda husema okweraliikirira, na kila jamii ya mpakani ina neno lake. Lakini taswira ya mnong'ono inafaa sana, kwa maana wasiwasi haupigi kelele. Huuliza tu. Je, kama mtoto hayuko salama? Je, kama yule mgeni aliyepanga nyumba ya jirani si mtu mwema? Je, kama kikohozi hiki ni ile homa iliyotangazwa? Ukilijibu swali moja, la pili liko tayari mlangoni.

Hofu ni jambo jingine. Hofu ina kitu mbele yake: nyoka njiani, mtu aliyeshika panga. Kitu hicho kikiondoka, hofu nayo huondoka. Wasiwasi una kitu ambacho hakijafika na huenda kisifike kamwe, na kwa sababu hakijafika hakiwezi kuondoka.

Tahadhari ni jambo la tatu, na ndilo tulilolikusudia tangu mwanzo. Tahadhari ni kazi, na kama kazi zote ina hatua na ina kikomo. Ukiuona mzigo usio na mwenyewe kwenye stendi, usiuguse, sogea mbali, waonye walio karibu nawe, kisha piga simu 999 au 112, ambazo hazitozwi malipo. Basi. Ukishafanya hayo sehemu yako imekwisha, na iliyobaki ni yetu. Mtu anayebaki amesimama akiutazama mzigo ule, kisha akarudi nyumbani kuutazama tena usiku kichwani mwake, hajaongeza usalama wa mtu yeyote.

Asidhani msomaji kwamba tunazungumzia udhaifu wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wakiishi na maradhi ya wasiwasi. Hakuna maradhi ya akili yanayowapata watu wengi zaidi ya hayo. Na ni takriban mtu mmoja tu kati ya kila wanne anayepata matibabu. Wengine watatu hujitibu wenyewe kwa wanavyojua, na tutaona baadaye kwamba tiba hizo mara nyingi huwaletea mashaka mapya.

Mwili unapopiga king'ora

Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Ubongo unapohisi hatari, tezi hizo hutia katika damu homoni iitwayo adrenalini, na papo hapo mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Moyo hupiga mbio ili kupeleka damu kwenye misuli ya miguu na mikono. Pumzi huwa fupi na za haraka. Tumbo huachishwa kazi, ndiyo maana mtu husikia kichefuchefu au haja ya ghafla. Jasho hutoka, viganja hupoa, macho hupanuka. Hayo yote ni mema ikiwa mbele yako pana chui. Shida ni kwamba mwili hauna njia ya kutofautisha chui na habari iliyosomwa kwenye simu saa sita ya usiku. King'ora ni kilekile.

Wakati mwingine king'ora hulia chenyewe, bila habari wala chui. Mtu ameketi sokoni au yumo ndani ya teksi, mara moyo unadunda, kifua kinabana, vidole vinafa ganzi, naye anaamini kwamba anakufa. Watu wengi waliopatwa na hali hii wamekimbizwa hospitali wakidhaniwa wana ugonjwa wa moyo, na wengine wamedhaniwa wamerogwa. Hali hiyo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha huanza kushuka yenyewe hata kama hukufanya lolote. Ile ganzi ya vidole ina sababu nyepesi: mtu anapopumua kwa kasi hutoa nje hewa ya kaboni nyingi kuliko inavyotakiwa, na upungufu wake katika damu ndio unaoleta kizunguzungu na ganzi.

Ndiyo maana dawa ya kwanza ni pumzi, na hasa pumzi ya kutoa. Vuta hewa puani kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita, na uendelee hivyo kwa dakika tano. Kutoa pumzi polepole hupunguza mwendo wa moyo. Ni njia mojawapo chache tulizo nazo za kuuamuru moyo, ambao kwa kawaida hausikii amri. Yafaa kulifanyia zoezi hili mazoezi siku za utulivu. Askari hajifunzi kulenga shabaha siku ya mapambano.

Pamoja na hayo, anayepatwa na maumivu ya kifua kwa mara ya kwanza asijitibu kwa kuhesabu pumzi. Aende kituo cha afya akapimwe. Upungufu wa damu, homa, maradhi ya tezi ya shingoni na maradhi ya moyo yanaweza kuvaa sura ya wasiwasi.

Mzazi na simu ya usiku

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, wilaya ya Kasese, karibu sana na mpaka wa Congo. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na bweni lilichomwa moto. Hatutamwambia mzazi wa Bwera au wa Mpondwe kwamba wasiwasi wake hauna msingi. Msingi upo, na majina yake yamo makaburini. Swali letu ni kumsaidia mzazi huyo aishi vipi na mtoto mwingine ambaye bado yuko shuleni.

Tuchukue mfano wa mama mmoja, si mtu fulani, bali mfano wa wengi. Mwanawe yuko bweni. Saa tatu ya usiku anampigia simu matroni: watoto wazima? Matroni anajibu kwamba wote wazima, wamelala. Mama anashusha pumzi, na kwa muda wa saa nzima ana amani. Kufika saa tano mnong'ono unarudi: je, kama matroni hakukagua vizuri? Anapiga tena. Kesho yake anapiga mara tatu, wiki inayofuata anapiga mara sita, na matroni naye anaanza kutopokea. Simu isiyopokelewa inakuwa ushahidi wa maafa, na mama anapanda bodaboda usiku kwenda kulisimamia lango.

Tuitazame simu ile kwa makini, maana ndani yake mna siri ya jambo zima. Kila mara mama alipopiga, wasiwasi wake ulishuka. Ubongo wake ukajifunza kwamba kilichomwokoa ni simu. Haukupata nafasi ya kujifunza kwamba wasiwasi ungeshuka wenyewe, simu au bila simu, kama mawimbi yanavyorudi baharini bila kusukumwa. Kwa hiyo kila faraja aliyoipata ililipiwa kwa riba. Haya hayamhusu mzazi peke yake. Anayekagua kufuli mara tano, anayepima joto la mwili kila saa kwa sababu Ebola imetangazwa, anayemuuliza mumewe kila jioni kama wako salama, wote wako katika mzunguko uleule.

Tahadhari ya mzazi ina maswali matatu, nayo huulizwa mchana, mwanzoni mwa muhula, kwa mwalimu mkuu uso kwa uso. Usiku ni nani analilinda lango, na ni wangapi? Je, orodha ya wanafunzi wanaolala katika kila bweni huhakikiwa kila jioni? Je, shule inayo namba ya kituo cha polisi kilicho karibu, na mara ya mwisho iliijaribu lini? Mzazi akiridhika na majibu, ameshafanya kazi yake ya muhula. Asiporidhika, asirudi nyumbani kuugua. Awakusanye wazazi wenzake waende kwa mwenyekiti wa LC1 na kwetu, maana hapo pana jambo la kutenda.

Baada ya hapo, simu iwe na siku yake. Tuseme Jumapili saa kumi jioni. Tunamwonya mama huyu mapema kwamba juma la kwanza litakuwa gumu kuliko alipokuwa akipiga kila usiku. Hilo ni jambo la kawaida, wala si dalili ya kushindwa. Mkono utatafuta simu. Auache utafute. Mnong'ono utapanda, utakaa, kisha utashuka, na ubongo utakuwa umeshuhudia kwa mara ya kwanza kwamba usiku umepita na asubuhi imefika bila yeye kuulinda.

Kuna njia nyingine iliyowafaa wengi, ingawa wanaoisikia mara ya kwanza huicheka: kuupa wasiwasi saa yake. Tenga nusu saa jioni, mbali na kitanda na mbali na saa ya kulala. Andika yote yanayokusumbua. Kwa lile linaloweza kutendwa, andika litatendwa lini na nani. Lile lisilo na la kutendwa, liandike tu. Wasiwasi ukikujia saa nne asubuhi ukiwa kazini, uambie kwamba saa yake ni kumi na moja jioni. Huutupi nje, unauahirisha, kama karani anavyomwambia mtu asubiri zamu yake. Ajabu ni kwamba mengi yaliyoahirishwa hayarudi kudai nafasi.

Barabara zinazopungua

Mfano wa pili ni kijana wa bodaboda hapa Kampala. Siku ya milipuko alikuwa karibu, akasikia kishindo, akaona moshi. Hakujeruhiwa. Juma lililofuata aliiepuka barabara ile, jambo ambalo hata sisi tungelishauri. Mwezi uliofuata akaepuka mitaa yote iliyo karibu nayo. Kisha akaacha kuchukua abiria wa Old Taxi Park kwa kuwa pana msongamano. Mwisho wa mwaka alikuwa akibeba abiria ndani ya mtaa wake tu, na pesa ya kulipia pikipiki haikutosha. Hakuna aliyemfungia barabara hata moja. Alizifunga mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kila aliyoifunga ilimfanya aamini kwamba kweli ilikuwa ya hatari.

Mpakani tumeliona jambo hili katika sura nyingine. Mpaka wa Katuna ulifungwa Februari 2019, nao ukafunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022. Lango linaweza kufunguliwa kwa siku moja. Mtu aliyezoea kuogopa kuvuka hafunguki siku hiyohiyo. Mfanyabiashara anaweza kuwa na karatasi zote halali mkononi na bado miguu ikamkatalia.

Njia ya kurudi ni ngazi, na ngazi hupandwa kwa mpangilio. Kijana wetu aandike mahali anapopaepuka, kuanzia panapomtia wasiwasi kidogo hadi panapomtia wasiwasi mwingi. Aanze na pa chini. Aende, asimame, asikimbie. Wasiwasi utapanda, akae hapo mpaka ushuke angalau nusu yake, ndipo aondoke. Akikimbia ukiwa kileleni, ubongo utaandika kwamba kukimbia ndiko kulikomponya. Arudie mahali hapohapo siku kadhaa mpaka pawe pa kuchosha, ndipo apande hatua inayofuata. Rafiki anaweza kumsindikiza mara ya kwanza, si kila mara. Tunaongeza neno la wajibu wetu: ngazi hii si ya kupandia mahali tulipopafunga kwa sababu za usalama. Ni ya mahali ambapo wenzake wanapita kila siku na kurudi nyumbani.

Wanawake wa Rhino

Kuna wasomaji watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu wenye nafasi, si ya mtu aliyeikimbia nyumba yake. Tunawajibu kwa jambo lililofanyika hapahapa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, upande wa Arua. Takriban wanawake 700 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti wa mafunzo yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Baadhi yao waliyapata mafunzo, wengine hawakuyapata, ili tofauti ionekane. Hakukuwa na daktari wa akili darasani. Mafunzo yalikuwa sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, mikutano mitano, mara moja kwa juma, chini ya uangalizi wa wawezeshaji wa kawaida waliofunzwa kwa muda mfupi, pamoja na kitabu cha picha kwa wasiojua kusoma. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miezi mitatu baadaye, dhiki ya nafsi ya wanawake waliofunzwa ilikuwa imepungua kuliko ya wale ambao hawakufunzwa.

Walifundishwa nini? Kwanza, kujituliza palepale walipo: kuzikanyaga nyayo ardhini, kupumua polepole, kuangalia kilicho mbele ya macho, kusikiliza sauti zilizopo, ili akili itoke katika jana na kesho irudi leo. Pili, kulitambua wazo kuwa ni wazo. "Mwanangu amekufa" na "naliona wazo linalosema mwanangu amekufa" ni sentensi mbili zenye uzito tofauti, na anayeweza kuitamka ya pili ameshaulegeza mshipi kidogo. Tatu, kuuliza ni mambo gani anayathamini, kisha kutenda moja dogo leo, hata kama wasiwasi bado upo. Kusuka nywele za binti. Kumtembelea jirani mgonjwa. Hawakuahidiwa kwamba wasiwasi ungeondoka. Waliruhusiwa kuishi nao ukiwa umekaa pembeni.

Sisi tunalipenda somo hili kwa sababu lilianzia kwa watu ambao hatari yao ilikuwa ya kweli, na halikuwaambia kwamba ni ya kubuni.

Wasiwasi wa kijiji kizima

Mpaka hapa tumesema juu ya mtu mmoja. Lakini wasiwasi huambukiza, na huambukiza upesi zaidi mahali habari za kweli zinapochelewa. Tarehe 13 Juni 2022, waasi wa M23 walipoutwaa mji wa Bunagana upande wa Congo, maelfu ya watu walivuka kuingia Kisoro. Katika saa kama hizo simu hujaa sauti zilizorekodiwa ambazo hakuna ajuaye zimetoka kwa nani. Wameshavuka. Wamo miongoni mwa wakimbizi. Mtu mwenye wasiwasi huzisambaza, si kwa nia mbaya, bali kwa sababu kusambaza kunampa nafuu ileile ambayo mama wa bweni alikuwa akiipata kwa kupiga simu. Anahisi ametenda jambo. Kumbe amekabidhi king'ora chake kwa watu hamsini.

Madhara yake tunayajua sana katika kazi yetu. Mgeni aliyeuliza njia kwa lafudhi tofauti huzingirwa na umati. Kijana anayetembea usiku kumfuata mkunga hupigwa mawe. Na kwenye mipaka yetu neno "mgeni" lenyewe ni gumu, kwa maana Mkonzo wa Kasese na Mnande wa Beni ni ndugu, na Msamia wa Busia ana shamba upande mmoja na mjomba upande mwingine.

Kwa hiyo ukipokea habari ya kutisha, jiulize aliyekutumia ameona au amesikia. Kama amesikia, usiitume mbele. Mpigie mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi, nasi ni wajibu wetu kujibu hata kama jibu ni kwamba bado tunachunguza. Hapo pia tuna sehemu yetu ya lawama. Polisi wanaponyamaza kwa siku mbili, uvumi hujaza nafasi.

Tunajua vilevile kwamba kwa baadhi ya wasomaji sisi wenyewe ndio chanzo cha mapigo ya moyo. Hata lugha tunayoiandika hapa ina historia yake. Katika Uganda ya miaka ya 1970, kwa wazee wengi wa Kampala, Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya amri na ya bunduki. Leo ni lugha rasmi ya pili kwa mujibu wa Katiba tangu marekebisho ya mwaka 2005, na watoto wanajifunza shuleni. Lakini mzee anayetetemeka akiamkiwa kwa Kiswahili na mtu mwenye sare hapaswi kuchekwa. Akitaka kuja kituoni na aje na mwanawe, au na mwenyekiti wa LC1, azungumze kwa lugha anayoiamini. Askari anayempokea na amwonyeshe kiti kabla ya kumuuliza jina.

Tiba zinazogeuka

Waragi hutuliza kwa saa chache, kisha unapotoka mwilini huurudisha wasiwasi ukiwa mkubwa zaidi. Anayekunywa ili alale huamka saa tisa ya usiku moyo ukidunda. Mairungi, tukiiacha sheria kando, huuharakisha moyo ambao tayari una haraka. Chai kali na kahawa za jioni hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu zinazopatikana katika baadhi ya maduka bila cheti cha daktari humzoesha mtu upesi, na kuziacha ghafla baada ya muda mrefu ni hatari kwa mwili. Hili tunawaambia askari wenzetu kwa namna ya pekee. Miongoni mwetu inasemwa kwamba askari haogopi, na kwa sababu ya msemo huo wapo waliochagua chupa kuliko kwenda kwa daktari.

Pa kwenda

Wasiwasi ukiendelea siku nyingi kuliko siku zisizo nao kwa miezi kadhaa, ukikunyima usingizi, ukakutoa kazini au shambani, ukakukosanisha na watu wa nyumbani, sasa ni ugonjwa na una matibabu. Ukifikia kuona kwamba ni afadhali kutokuwepo, usisubiri kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, mfike kituo cha afya pamoja.

Anzia kwa mhudumu wa afya wa kijiji, yule tumwitaye VHT, au kituo cha afya kilicho karibu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya sheria kongwe, imekusudia matibabu haya yapatikane hadi katika vituo vya afya vya msingi. Kituo kikishindwa kitakuandikia barua. Wa Busia na Malaba wataelekezwa Mbale, wa Mutukula Masaka, wa Katuna na Kisoro Kabale, wa Kasese Fort Portal, wa ukanda wa magharibi mwa Nile Arua. Hospitali hizo za rufaa zina vitengo vya afya ya akili. Butabika, hapa Kampala, iliyojengwa miaka ya 1950, ndiyo hospitali ya rufaa ya taifa. Jina lake limetumika sana katika mizaha ya mjini, hata watu wanaoihitaji wakaona aibu kulitaja. Wengi wanaotibiwa humo huonwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa mtoto aliye hatarini, au anayeonyesha woga usioeleweka, namba 116 hupigwa bila malipo.

Ukienda, jiandae kueleza mambo matatu: ulianza lini, unakuja wakati gani, na kwa sababu yake umeacha kufanya nini. La tatu ndilo wengi hulisahau, nalo ndilo litakalomsaidia mhudumu kujua pa kuanzia.

Kwa mabaraza ya usalama ya mwezi ujao katika vijiji vya mpakani, tunapendekeza mwenyekiti aufungue mjadala kwa swali hili, na awape wanawake na vijana nafasi ya kwanza ya kujibu: ni lindo gani hapa kijijini ambalo mtu mmoja analibeba peke yake kila usiku, na kuanzia juma hili nani atampokea zamu?